Mara ya Kwanza Kwenye Matamasha ya Vituko Arusha na Moshi: Anza Hivi

Ikifika katikati ya Januari, simu yangu huanza kupokea maswali yaleyale. Lazima niwe mkimbiaji? Nikienda peke yangu nitaonekana mshamba? Nivae nini? Nitalala wapi? Nimeyajibu kwa meseji, kwa sauti, hata kwenye foleni ya benki. Sasa nayaandika mara moja, ukiniuliza tena nakutumia hii.

Mwongozo huu ni wa mtu wa Arusha, Moshi au jirani zake anayetaka kwenda kwenye yale matukio ambayo watu hukusanyika kwa sababu tu wanapenda kitu fulani kupita kiasi: magari ya zamani, mbio za mavazi ya kuchekesha, maonyesho ya mbuzi na maboga, wahusika wa katuni. Si harusi, si semina ya posho. Ninachosisitiza ni kimoja: usiende kutazama, nenda na kazi. Kazi yenyewe inaweza kuwa ndogo tu, kama kubeba bango, kuvaa kofia ya ajabu au kumshikia mtu maji. Mwenye kazi hufuatwa na watu. Mtazamaji hukaa kivulini akichezea simu, na saa sita mchana ameshataka kurudi nyumbani.

Vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Pesa ya mafungu mawili, ya kwenye simu na ya mkononi. Watu wakijaa uwanjani mtandao huelemewa, na muuza mishikaki hana chenji ya elfu kumi saa mbili asubuhi. Beba noti ndogondogo.
- Simu iliyojaa chaji, na pawabenki kama unayo.
- Maji, kofia na koti jepesi. Arusha iko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi za Juni hadi Agosti zinauma. Moshi iko chini zaidi, na jua lake la Februari halina utani.
- Kikapu au mfuko wa kitambaa wa kubebea vazi lako. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku tangu Juni 2019, usije ukaanza siku yako kwa kujieleza.
- Pini kama kumi, lastiki, sindano na uzi. Usidharau. Nimeshaokoa mabawa ya malaika mmoja kwa pini tatu.
- Kitambulisho.
- Mwenzako mmoja. Mmoja, si kumi. Kundi la watu kumi hutumia asubuhi nzima kumsubiri wa kumi.

1. Chagua tukio moja

Usijaze mwaka mzima. Chagua moja, ulijue vizuri, mwakani utaongeza.

Mbio za Moshi ndizo ninazompendekezea kila anayeanza. Kilimanjaro Marathon imekuwa ikikimbiwa tangu 2003, Jumapili moja mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi, na kitovu chake ni uwanja wa Chuo Kikuu cha Ushirika. Watu wakisikia marathoni wanaogopa, wanadhani ni ya Wakenya wembamba na mabingwa wetu kina Simbu tu. Kweli kuna kilomita 42, na kuna nusu yake ya 21 yenye ule mlima wa barabara ya Mweka ambao umewaliza wengi. Lakini kuna kilomita 5, na hizo ndizo zetu. Hapo utakuta vikundi vya jogging vilivyotoka Dar na ngoma zao, wafanyakazi wa ofisi wenye fulana za rangi moja, akina mama wanaotembea wakipiga soga mwanzo mwisho, na kila mwaka wachache waliovaa vituko. Hakuna atakayekuuliza umetumia dakika ngapi.

Wapenda Land Rover nao wana yao. Oktoba 2024 Arusha iliandaa tamasha lililolenga kuvunja rekodi ya dunia ya msafara mrefu wa magari hayo, rekodi iliyokuwa Ujerumani kwa magari 632. Kama hukuwepo, ulikosa kuona mji mzima ukinuka dizeli kwa furaha. Ukisikia limeitishwa jingine, usikose. Na hata lisipoitishwa, mashabiki wenyewe ni wa hapahapa. Huu ni mji wa utalii, gari hizo zimelea watoto wengi.

Nanenane, tarehe 1 hadi 8 Agosti, viwanja vya Themi kule Njiro, Arusha. Utasema hayo ni maonyesho ya kilimo, si tamasha la mashabiki. Basi nenda ukamwone mfugaji akimsifia dume lake la mbuzi mbele ya wafugaji wenzake, halafu uniambie kama huo si ushabiki. Nenda siku za katikati ya wiki. Siku ya kilele utaona migongo ya watu.

Maonyesho ya utalii ya Juni, Karibu-Kilifair, yana raha yake, ila zaidi ni ya wafanyabiashara. Kama huna kampuni ya safari wala hutafuti kazi, yaweke mwisho.

Kuhusu katuni na mavazi ya wahusika, kwetu bado ni vikundi vidogo vya vijana vinavyokutana kwenye migahawa. Makusanyiko makubwa yako Nairobi. Siyo mbali, unavuka Namanga, ila unahitaji pasipoti au hati ya dharura ya kusafiria kutoka Uhamiaji, na hiyo usiisubiri hadi asubuhi ya safari.

2. Hakikisha tarehe, kisha jisajili

Mabango yanayozunguka kwenye makundi ya WhatsApp mara nyingi ni ya mwaka jana. Angalia kurasa za waandaaji wenyewe, uone mwaka na siku ya wiki kama vinaoana na kalenda. Inachukua dakika mbili.

Mbio za Moshi zinajaa, na usajili hufungwa kabla ya siku yenyewe. Jambo linalowaangusha wageni kila mwaka ni namba. Namba ya kifuani huchukuliwa siku za kabla ya mbio, kwenye vituo vinavyotangazwa. Usifike Jumapili alfajiri na risiti mkononi ukitegemea huruma.

Tahadhari: unapolipa kwa simu, soma jina linalotokea kabla ya kuweka namba ya siri. Kama limekuja jina la mtu binafsi usiyemjua badala ya waandaaji, simama hapo hapo. Na mtu anayekuuzia namba yake "kwa sababu kapata msiba" amepata msiba huohuo na watu wengine sita.

3. Amua utakuwa nani

Hapa ndipo raha ilipo, na hapa ndipo watu huharibu. Mtu anayeanza huwaza kitu kikubwa: roboti la mabati, joka la mita tatu. Wewe waza kitu ambacho mtoto wa darasa la pili atakitambua akiwa upande wa pili wa barabara. Pundamilia. Sufuria ya makande. Konda wa daladala wa miaka ya tisini, suruali ya mchinjo na noti katikati ya vidole. Mkungu wa ndizi: huo Moshi hauhitaji maelezo, utapigiwa makofi na kila bibi unayempita.

Mwaka wangu wa kwanza nilikimbia nikiwa Mlima Kilimanjaro. Nilitengeneza umbo kubwa la koni kwa boksi la friji, nikalipaka rangi ya kahawia na kijani, juu kileleni nikabandika pamba iwe theluji. Nilitumia gundi ya uji wa ngano kwa sababu ndiyo iliyokuwepo nyumbani. Usiku lilipendeza mno, mama alinipiga picha sebuleni. Asubuhi, kabla hata ya kilomita ya pili, jasho lilikuwa limeshapanda hadi kwenye boksi, gundi ikarudi kuwa uji, na pamba ikaanza kunidondokea mabegani fungu kwa fungu. Mtoto mmoja aliyekuwa amekaa juu ya ukuta akapiga kelele, "Mama, mlima unayeyuka!" Barabara nzima ikacheka. Nilifika mwisho nikiwa kilima cha kahawia. Ni vazi langu lililopendwa kuliko yote niliyowahi kuvaa, lakini wewe tumia gundi ya viatu.

Kwa vifaa, anza na mitumba: Kilombero kwa walioko Arusha, Memorial kwa walioko Moshi. Gauni la harusi lililochoka au koti lenye manyoya utalipata kwa bei ya chipsi mayai mbili ukijua kuongea. Boksi omba madukani, hasa ya friji na televisheni. Sponji ya godoro kuukuu inakatwa kwa kisu cha jikoni na inafaa kwa pembe, masikio, hata misuli. Kazi ya kushona mpe fundi cherehani wa mtaani, na mpe wiki tatu. Ukimwambia unataka mkia, ataudhika kidogo, kisha atakuwa na mawazo mengi kuliko wewe. Wa kwangu aliukataa mkia wangu wa ngedere akasema mfupi, akanishonea mwingine bure.

Tahadhari kubwa, na hii haina mzaha: usivae chochote kinachofanana na sare ya jeshi au polisi. Kombati za madoadoa, hata za mitumba, hata za kitoto, acha. Agosti 2023 JWTZ liliwapa raia siku 7 kusalimisha mavazi ya aina hiyo. Bunduki za bandia nazo ziache nyumbani. Na usivae kabila la mwenzako kama kichekesho. Shuka la Kimasai si vazi la kuigiza katika mji ambao mwenye nalo amesimama pembeni yako akinunua vocha.

4. Lifanyie vazi majaribio

Livae nusu saa nzima, siku ya kawaida, ukifanya yafuatayo: panda ngazi, kaa kwenye kiti, kunywa maji, nenda chooni. Hilo la mwisho ndilo mtihani. Kama unahitaji watu wawili kukuvua, rudi kwa fundi.

Kisha geuza shingo kushoto na kulia. Kama huoni bodaboda inayokuja ubavuni, toboa matundu makubwa zaidi. Chini vaa raba ulizozizoea. Raba mpya siku ya tukio ni malengelenge ya wiki nzima.

5. Panga safari na mahali pa kulala

Arusha na Moshi ni kilomita 80 hivi, Coaster zipo kutwa. Tukio likiwa Kisongo, nje kidogo ya Arusha, unapata daladala za upande wa uwanja mdogo wa ndege. Njiro daladala zipo, ila vazi lenye mabawa haliingii, chukua bajaji.

Wikiendi ya mbio, Moshi hujaa hadi nyumba za wageni za uchochoroni. Weka chumba mwezi mmoja kabla, lipa kitangulizi, na piga simu tena Alhamisi kukumbusha. Ukikosa kabisa, jaribu Boma Ng'ombe au Himo, au piga simu kwa yule shangazi wa Kiboriloni ambaye hujamsalimia tangu Krismasi. Mpelekee sukari.

6. Siku yenyewe, fika mapema

Mapema maana yake kabla barabara hazijafungwa. Kwa Moshi, uwe umeshafika maeneo ya uwanja saa kumi na mbili asubuhi, hata kama kilomita 5 huondoka baada ya 42 na 21. Muda huo wa kusubiri si hasara. Ndio wakati watu wanapoonana, wanafungana pini, wanapakana rangi. Nusu ya watu ninaowajua kwenye mambo haya niliwapata kwenye foleni ya choo.

Kula kitu chepesi. Chai na chapati moja inatosha. Vazi liingie kichwani dakika za mwisho, si ukiwa kwenye bajaji.

Ukiwa barabarani, kaa pembeni. Wa 21 na 42 wanaweza kukupita, na yule mtu amefanya mazoezi miezi sita. Sikio lako la tembo lisimpige usoni.

7. Ongea na mashabiki, kwa adabu

Ukiwa na vazi, watu watakuanza wenyewe. Kwenye magari na mifugo ni wewe utakayeanza, na hapo wengi hukwama.

Chukua mfano wa Land Rover. Utamkuta mzee amekaa kwenye kigoda karibu na gari lake, kitambaa mkononi, anafuta mahali palipokwishafutwa. Kosa la kwanza ni kupiga picha kabla ya shikamoo. La pili ni kuuliza bei. Muulize gari lilikuwa la nani kabla yake. Hilo swali lina saa nzima ndani yake: padri, idara ya maji, mwindaji Mgiriki, kisha baba yake.

Ukitaka kuonekana hukutoka kuzaliwa jana, beba mambo mawili matatu. Land Rover ya kwanza ilionyeshwa Amsterdam mwaka 1948. Bodi yake ni ya alumini kwa sababu baada ya vita Uingereza ilikuwa na uhaba wa chuma, ndiyo maana utaona bodi ina miaka hamsini na haina kutu, ila chesesi imechomelewa kama kiraka cha suruali. Taa za mbele zikiwa zimebanana katikati karibu na wavu, hilo ni la zamani. Zikiwa pembeni, kwenye madigadi ya mbele, ni la mwisho wa miaka ya sitini au baadaye. Jina Defender lilikuja 1990, kwa hiyo usimwite mzee mwenye gari la 1965 mwenye Defender. Atakusamehe, lakini atakusahihisha mbele za watu.

Mzee mmoja, baada ya maswali hayo, alinipa hendeli, ile fimbo ya kuwashia injini kwa mkono, nizungushe. Akanionyesha kwanza namna ya kuweka dole gumba: upande mmoja na vidole vingine, usiizungukie fimbo. Injini ikirudisha, hendeli hukupiga, na dole gumba lililoizunguka huvunjika. Nilizungusha mara nne bila kitu. Ya tano ikakohoa, moshi mweusi ukatoka, ikawaka. Mzee hakusema neno. Alichukua kitambaa akafuta pale nilipokuwa nimeshika.

8. Picha

Omba kwanza. Mtoto, muulize mzazi. Aliyevaa vazi mpe sekunde tano ajiweke sawa, maana kuna pozi amelifanyia mazoezi mbele ya kioo wiki nzima. Mtumie picha baadaye, ndivyo urafiki unavyoanza. Droni usirushe bila kibali.

9. Usikimbilie kuondoka

Mbio zikiisha, uwanjani muziki unaanza na moshi wa nyama unapanda. Wageni wengi hukimbilia stendi. Wewe vua kichwa cha vazi, ubaki na mwili, tafuta bakuli la mtori, kaa chini. Machalii wa Chuga, yaani vijana wa Arusha, uliowaona asubuhi wamenuna, saa hizi ndio wanaimba. Ukinywa bia, kumbuka umekula kidogo na umekimbia juani. Ya pili itakupiga kuliko ulivyozoea.

Yakiharibika

*Vazi limechanika njiani.* Pini kwa nje, uzi baadaye. Kama haliponi, livae nusu. Hakuna anayejua lilipangwa liweje.

*Mvua imeshuka.* Boksi limekwisha, usipigane nalo. Ndiyo maana chini ya vazi unavaa fulana ya kawaida na bukta ya heshima.

*Umeona aibu, unataka kurudi.* Hutokea dakika kumi za kwanza, hasa ukiwa kwenye bajaji na dereva anakuangalia kwenye kioo. Tafuta mwenye vazi la ajabu kuliko lako, simama karibu naye.

*Unahisi kizunguzungu kwenye joto.* Vua kichwa cha vazi mara moja, kaa kivulini, kunywa maji kidogokidogo, mwite mtu wa huduma ya kwanza. Usisubiri kumaliza.

*Mwenzako amepotea na mtandao haupo.* Kubalianeni kabla ya kuingia: mti fulani, geti fulani, kila saa kamili. Usiseme "karibu na jukwaa", jukwaani kuna watu elfu.

*Tukio limeahirishwa na wewe umeshafika.* Ilinipata mara moja, tukiwa pundamilia wawili stendi ya Moshi saa moja asubuhi. Tulienda kula supu vilevile. Mama mwenye mgahawa alituangalia, akaleta bakuli tatu, akasema ya tatu ni ya yule simba aliye njiani.